Nilimlaumu mwalimu wa Kidahwe, kumbe kosa lilikuwa kwenye package yangu ya remote desktop

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa humu nadhani mmebaki wachache.

Ninachoandika kimenikuta mimi mwenyewe. Sehemu inayoniaibisha sitaipunguza, maana bila hiyo uzi huu hauna kazi.

Mimi ni mzee wa Rusimbi, hapa Kigoma. Shule niliishia kidato cha nne, nikawa fundi redio, na haya ya kompyuta nimejifunza ukubwani. Siku hizi nafunga remote desktop kwenye shule na ofisi ndogo.

Kwa asiyejua: unaweka mashine moja yenye nguvu, ndiyo seva. Kompyuta nyingine zilizochoka zinabaki kama kioo tu. Mtu anaandika jina na password, desktop yake inamfungukia kutoka kwenye seva.

Programu yenyewe ni ya bure. Mimi huifungasha upya na mipangilio yangu, napata package moja ya kuinstall kila mahali. Intaneti ya nyumbani ni ya kubahatisha, kwa hiyo mafaili huyapakua mjini, nayabeba kwa flash, nakuja kufungashia Rusimbi.

Hiyo flash muikumbuke.

Mwaka huu nikatoa package mpya. Nikaijaribu nyumbani: kisanduku cha kuandika jina na password kikatokea, nikaridhika, nikazima.

Sikuingia ndani. Niliishia mlangoni.

Nikaipeleka kwenye shule moja Kidahwe, kwenye chumba cha kompyuta anachosimamia Mwalimu Tausi. Ni binti makini, yuko kwenye mkataba wa majaribio, na vijana wake wa kidato cha nne walikuwa wanajiandaa na mtihani wa vitendo. Kila nikifika alikuwa ananiamkia, "Shikamoo baba," na kunitafutia kiti kabla sijatua begi.

Nikainstall, nikaona visanduku vimetokea kwenye kompyuta zote, nikaondoka.

Kesho yake akapiga simu. Wanafunzi wanaandika password, inakubaliwa, halafu skrini inakuwa nyeusi na kuwarudisha mwanzo. Wote.

Nilifika nimekasirika. Jua kali, vumbi la bodaboda, na moyoni nina hakika kuwa kazi yangu ni safi.

"Mwalimu, umegusa nini humu?"

"Sijagusa kitu, baba. Nimewasha tu."

Sikumsikiliza. Nikarudisha package ya zamani, mambo yakakaa sawa. Mtu mwenye akili timamu hapo angejiuliza kuhusu ile mpya. Mimi nikajiambia nimesafisha alichoharibu.

Halafu nikaingia ofisi ya walimu, mkuu wa shule yupo na walimu wanakunywa chai, nikasema kwa sauti ya fundi mkubwa, "Mashine ni nzima. Kuna mtu kaingiza mkono."

Sikutaja jina. Haikuhitajika, ufunguo wa kile chumba alikuwa nao mmoja tu.

Mkuu akamwomba Tausi ufunguo palepale. Akasema mtihani umekaribia, mkataba wake utazungumzwa baadaye. Tausi akauweka mezani, akatoka. Mimi nikamalizia chai.

Wakuu, ile chai bado naikumbuka.

Siku chache baadaye nikapigiwa na Kabwe, wakala wa mizigo ya Kongo na Burundi, ofisi yake iko Ujiji karibu na ziwa. Naye nilimwekea package ileile. Mara tu baada ya mimi kuondoka alifunga ofisi akasafiri kwenda Uvira, Kongo, akarudi siku hiyo aliyonipigia.

"Mzee, mbona umetufungia nje ya nyumba yetu? Password inapita, halafu giza."

Nikamuuliza nani aliingia ofisini alipokuwa safarini. Akacheka. "Nani aingie? Ufunguo nimevuka nao ziwa."

Nikabeba begi la kazi.

Nikaenda Ujiji, nikafungua log ya seva, yaani kumbukumbu ya kila kinachotokea humo. Sentensi moja tu: ile script inayofungua desktop baada ya mtu kuingia haina ruhusa ya kuendeshwa. Faili lipo, limekamilika, ila alama ya ruhusa imeondoka.

Ni flash. Flash ya kawaida haitunzi zile alama za ruhusa za Linux, mfumo unaoendesha seva zangu. Nilipofungashia mafaili yaliyopita humo, script ikaingia kwenye package bila ruhusa. Kilichonichoma zaidi ni kwamba sentensi hiyohiyo lazima ilikuwepo kwenye log ya shule siku ile. Sikuifungua. Nilikuwa na mtu wa kumlaumu, log ya nini?

Kurekebisha hakukuwa kugumu. Kwa Kabwe niliirudishia script ruhusa kwa mkono, akafungua. Nyumbani nikaongeza kwenye maelekezo ya ufungashaji kwamba script ipewe ruhusa kila package inapotengenezwa, nikabadili namba ya toleo. Na siku hizi mafaili nayafunga kwenye tar, furushi moja linalotunza ruhusa zake, kabla hayajagusa flash.

Kazi ikawa imeisha. Mimi ndiye niliyekuwa sijaisha.

Shule inafanya kazi na package ya zamani, hakuna anayejua lolote. Nakaa, nasimama, natoka uani, narudi. Mke wangu alikuwa anachambua dagaa, akaniuliza kama kiti kina miiba. Nikamweleza yote. Nikasema nitamtumia yule mwalimu ujumbe wa kumwomba radhi.

Hakuinua kichwa. "Ulimsema kwa simu?"

Nikachukua kofia.

Nilifika Kidahwe wakati wa chai, makusudi. Nikaomba ruhusa kwa mkuu, nikasema nikiwa nimesimama: "Mwalimu Tausi hakugusa kitu. Kosa lilikuwa kwenye package yangu, na log inayosema hivyo sikuisoma. Nilimsingizia. Naomba radhi hapahapa nilipomsemea."

Mwalimu mmoja akakohoa kuficha kicheko. Mkuu akavuta droo, akauweka ufunguo mezani. Tausi aliutazama kwa muda kabla ya kuuchukua.

Tulipofika chumba cha kompyuta nikainstall package mpya, kisanduku kikatokea. Nikamtazama kama mwanafunzi anayesubiri alama.

"Kaa kwenye kompyuta ya mwanafunzi," akasema. "Ingia mpaka mwisho."

Nikaingia. Desktop ikafunguka.

"Toka. Ingia tena."

Nikatoka, nikaingia tena. Akatikisa kichwa kukubali, akanisindikiza hadi barabarani.

"Asante, fundi," akasema.

Fundi. Si baba.

Ufunguo anao, na mkuu aliniambia mkataba hautaguswa kwa sababu ile. Lakini tangu siku hiyo hajanipigia, na mimi nashindwa kujua kama ni kwa kuwa mitambo inakwenda vizuri au hataki tu kusikia sauti yangu. Simu ikilia naiwahi.

Nilichojifunza: jaribu kazi yako mpaka pale mtumiaji anapokaa, usiishie mlangoni. Na log isomwe kabla ya kumtazama mtu usoni.

Mafundi wa humu, nyie mnasafirishaje mafaili sehemu ambazo mtandao ni shida? Na aliyewahi kusingiziwa kazini aniambie, aliyekusingizia akirudi kuomba radhi, inachukua muda gani kumwita tena baba?