Aliyeimba "Upande wa Moshi"

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote kutoka likizo ile ya Agosti ni ya dada yangu akinguruma ndani ya kabati la nguo. Tulikuwa tukiishi Dandora, katika vyumba viwili ndani ya ploti ya familia tisa, na kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba jirani akikohoa tulijua ni yupi. Kwa hiyo Nekesa alisubiri Mama aende sokoni na Baba aende kazini kwenye kiwanda cha rangi huko mtaa wa Baba Dogo, kisha akaingia kabatini, akajifunika blanketi mbili na kuvuta mlango. Kilichotoka humo hakikufanana na sauti ya msichana wa miaka kumi na tisa. Kilikuwa kama lori la taka likipanda mlima kwa gia ya kwanza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikaa kitandani nikicheka mpaka machozi yakanitoka, na baada ya muda alitoka akiwa ametota jasho, akaniuliza kwa sauti yake ya kawaida, ile nyororo iliyojulikana kanisani, "Nafula, umesikia maneno ama umesikia kelele tu?" Nikimwambia nimesikia kelele tu, alirudi ndani.

Kanisani Nekesa ndiye aliyeongoza nyimbo za sifa. Baba alikuwa mzee wa kanisa, Mama alikuwa kiongozi wa akina mama, na Jumapili dada yangu aliposimama mbele na kufumba macho, hata wanaume waliokuwa wakisinzia nyuma walinyanyua vichwa. Kanisa lilikuwa limemwahidi kumsomesha chuo cha ualimu kuanzia Januari. Hayo yote yalikuwa kweli, na ilikuwa kweli pia kwamba alikuwa na bendi. Bendi hiyo iliitwa Kutu, na ilipiga muziki wa roki, ule mzito kabisa unaoitwa metali, ambao mtaani kwetu watu waliujua kama muziki wa wazungu waliochanganyikiwa. Mpiga gitaa alikuwa Mutua, kijana mpole aliyefanya kazi kwenye saiba, duka la intaneti karibu na kituo cha mabasi. Baba yake alikuwa mchongaji kutoka Machakos, akichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii, na Mutua alikuwa amejichongea gitaa lake mwenyewe kwa gogo la jakaranda lililobaki. Lilikuwa zito kama mlango. Dramu alipiga Oti, ambaye kanisani alipiga dramu hizohizo kwa upole mkubwa kila Jumapili.

Ploti yetu ilikuwa upande wa moshi. Ndivyo tulivyosema: kuna waliokaa upande wa barabara na kuna waliokaa upande wa moshi, kwa maana upepo ulipotoka kwenye jaa la taka ulitupitia sisi kwanza. Nguo zilizoanikwa zilinuka plastiki iliyoungua, na uji wa asubuhi pia. Shuleni kwetu mwalimu aliita majina kutoka kwenye rejesta kila asubuhi, na kila muhula yaliongezeka majina ambayo hakuna aliyeyaitikia. Mwalimu akiuliza yuko wapi, darasa zima lilijibu, "Hayupo." Sote tulijua walikokuwa. Walikuwa jaani wakiokota vyuma na nyaya, na wengine tuliwaona tukirudi nyumbani, wamebeba magunia, wakijifanya hawatujui. Jioni moja nilimsimulia Nekesa jambo hili huku tukichambua maharagwe. Nilisimulia tu, kama mtoto anavyosimulia mambo ya shule. Yeye aliacha maharagwe. Akaniambia nimtajie majina yote, akayaandika nyuma ya karatasi ya nyimbo za kwaya.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa wimbo wa kwanza katika albamu yao, na kwa kuwa mambo yaliyofuata yalitegemea jambo hili, nalisema waziwazi: mimi ndiye niliyeomba kuwemo. Nekesa alitaka kuyasoma majina mwenyewe. Nilimsihi kwa siku tatu. Nilimwambia hao ni watoto wa darasa langu, na kwamba yeye hawezi kusoma kama mwalimu kwa sababu hajui jinsi mwalimu anavyovuta pumzi kabla ya kila jina. Mwishowe alicheka akasema sawa. Tulirekodi kwenye jengo la mabati la kanisa, Jumamosi nne mfululizo, mchana, baada ya mazoezi ya kwaya, maana ufunguo ulikuwa wake na vyombo vilikuwepo. Mutua alibeba kompyuta kutoka saiba akiwa ameifunga kwa shuka. Waliegemeza magodoro kwenye madirisha. Jua lilichoma mabati mpaka jasho likadondoka kwenye nyuzi za gitaa, na kila baada ya wimbo Oti alitoka nje kujimwagia maji kichwani. Zamu yangu ilipofika, Mutua aliishusha maikrofoni mpaka ikafika kimo changu, akasema, "Msee wangu, usiogope. Soma tu vile mwalimu husoma." Nilisoma majina kumi na saba. Baada ya kila jina Nekesa alijibu kwa sauti ile ya kabatini, "Hayupo," na kila jibu lilikuwa zito kuliko lililotangulia, mpaka jina la mwisho. Kisha Mutua akasema hatarudia hata sekunde moja ya wimbo huo.

Albamu waliiita "Upande wa Moshi". Nakala za diski hazikuwa nyingi. Jalada lilikuwa karatasi ya fotokopi yenye picha ya jaa, jina la bendi, jina la albamu na neno Dandora. Majina ya wanabendi hayakuandikwa. Nekesa ndiye aliyetaka hivyo, kwa ajili ya Baba na kwa ajili ya chuo. Wengi walioisikia walicheka, wakauliza huyo jamaa anayekohoa ni nani. Lakini kulikuwa na kinyozi mmoja aliyeipiga dukani kwake kutwa nzima, na vijana waliosimama pale mlangoni wakisikiliza bila kunyolewa, na niliwaona wakitikisa vichwa kwa majina niliyoyasoma. Kwa muda wa wiki mbili nilitembea Dandora nikijiona mtu mkubwa.

Kisha Barasa akaungua. Barasa lilikuwa jina la tatu kwenye orodha. Jaani kuna mahali takataka huwaka chini kwa chini bila moto kuonekana juu, na alipokanyaga hapo mguu ulizama hadi gotini. Alilazwa hospitalini muda mrefu, na alipotoka hakuweza kutembea bila gongo. Mama yake alikuwa muumini wa kanisa letu. Siku moja akipita kwa kinyozi alisikia sauti ya mtoto ikilitaja jina la mwanawe, na ngurumo ikajibu kwamba hayupo. Aliijua sauti ya mtoto. Nilikuwa nikikariri mistari ya Biblia mbele ya kanisa kila mwezi; kila mtu aliijua.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mchungaji aliwaomba watu wasiondoke. Alikuwa na diski sita mkononi. Alisema kuna majina ya watoto yamesomwa mbele ya shetani ndani ya nyumba ya Mungu, na mmoja tayari amechukuliwa mguu. Nekesa alisimama kabla ya kuitwa. Alisema, kwa adabu, "Mchungaji, ule wimbo unawalilia hao watoto. Hakuna mtu mwingine aliyewauliza." Watu walinung'unika, lakini si wote. Nilimwona mzee mmoja akitikisa kichwa kukubali. Naamini, na nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, kwamba yangeishia kwenye kukemewa na kuondolewa kwenye kwaya kwa muhula mmoja. Lakini mchungaji alinigeukia. Aliniita mbele, akaniwekea mkono begani, akaniuliza taratibu sana, "Nafula, mtoto wangu, dada yako alikulazimisha?"

Nilimwangalia Mama. Alikuwa amefunika mdomo kwa leso. Nilimwangalia mama yake Barasa. Nikasema ndiyo. Na kwa kuwa watu walingoja zaidi, nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Nilisema, "Alinifungia kabatini."

Kanisa zima lilivuta pumzi. Baba alikuja mbele, akamwuliza Nekesa kama ni kweli. Nekesa aliniangalia muda mrefu. Hakuonekana kukasirika, alionekana kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Kisha akasema, "Kama mtoto amesema, basi." Walimpigisha magoti kumwombea, watu wanane wakiwa wamemwekea mikono kichwani, na mchungaji akavunja diski moja moja kwa goti lake. Wiki ile Baba alimwambia atafute pa kwenda, kwa sababu hawezi kulala nyumba moja na mtu anayemtesa mtoto. Alikwenda kwa rafiki yake huko Baba Dogo na sanduku moja la bati. Chuo hakikutajwa tena. Oti alirudi kwao Siaya. Nilibaki na kitanda kizima peke yangu, na Mama aliniletea maandazi kila jioni kwa mwezi mzima, kunipoza. Niliyala.

Sasa mimi ni mhasibu, naishi mtaa wa Fedha, ghorofa ya nne, ambako moshi haufiki. Mwaka jana kijana mmoja wa ofisini, anayependa muziki wa metali, aliniambia niko nyuma sana, mtu wa Dandora asiyeijua "Upande wa Moshi". Akaniwekea visikizi masikioni. Nilikwenda chooni nikakaa huko nusu saa. Baadaye nilisoma kila kitu kilichoandikwa kuihusu. Mtu fulani aliikuta kwenye kompyuta kuukuu iliyouzwa na saiba, akaiweka mtandaoni, na sasa watu wa nchi ambazo sijawahi kukanyaga wanaiita albamu bora isiyojulikana kutoka Afrika. Wameandika kurasa ndefu juu ya sauti ya mwimbaji. Wanasema mwanaume huyo alikuwa na mapafu ya ajabu. Jina pekee lililopatikana kwenye kompyuta ile lilikuwa la Mutua, na Mutua aligongwa na lori miaka mingi iliyopita, kwa hiyo wamekubaliana kwamba mwimbaji ni yeye, na kwamba amekufa. Kuna wanaowasha mishumaa siku ya kumkumbuka. Na karibu kila mtu anaandika juu ya yule mtoto wa mwanzo. Wanasema sauti yake ni safi, kwamba huwezi kusikiliza bila kulia, kwamba mtoto yule ndiye ukweli wa albamu nzima.

Niliwaandikia wenye ukurasa mkuu wa mashabiki siku hiyohiyo. Niliwaambia mwimbaji ni mwanamke, yuko hai, anaitwa Nekesa, na mimi ni mdogo wake na ndiye mtoto aliyesoma majina. Walinijibu kwa furaha kubwa. Walisema wanatayarisha toleo jipya na wangependa kuthibitisha kutoka kwake mwenyewe. Jumamosi nilikwenda Baba Dogo. Nekesa anashona sare za shule kwenye chumba kimoja cha mbele, na nyuma wanaishi yeye na binti yake wa miaka kumi na mitatu. Siku zote hizi tumekuwa tukionana, harusini, matangani, Krismasi. Hatukuwahi kulizungumzia lile jambo hata mara moja. Nilimwonyesha simu. Alisoma kurasa kadhaa huku ameshika kitambaa kwenye mashine, bila kukanyaga.

"Kwa hiyo Mutua amekuwa mimi," alisema.

"Nimewaambia si yeye. Wanataka tu uwaandikie, ama uwarekodie sauti kidogo."

"Nani amekutuma?"

Nilisema nililokuwa nimelibeba. "Dada, siku ile kanisani nilidanganya."

"Najua. Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

Alikata uzi kwa meno. "Ungechapwa wewe. Na mimi nilikuwa nimeshachapwa tayari." Kisha akaashiria chumba cha nyuma, ambako binti yake alikuwa akijisomea. "Huyu anaimba kwaya. Anaimba vizuri, na mama wa wenzake wananisalimia. Usiandike jina langu mahali popote, Nafula. Mwachieni Mutua. Yeye alikuwa mtu mzuri, na hakuna anayeweza kumfukuza alipo."

Nilimwomba angalau asikilize wimbo mmoja. Alivaa visikizi, akasikiliza ule wa kwanza mpaka mwisho, mikono yake ikiwa imetulia juu ya sare ya kijani. Sikuweza kusoma uso wake. Alipovua alisema dramu zilikuwa mbele mno, na kwamba siku zote alimwambia Oti hivyo. Akaendelea kushona. Uthibitisho waliousubiri haukufika kamwe, nami sikuwaandikia tena.

Wakati ule watu walimnyamazisha kwa sababu walimjua, na leo wanamshangilia kwa sababu hawamjui, na katika nyakati zote mbili mimi ndiye niliyepokea upendo uliokuwa wake. Nikiwa mtoto nilipewa maandazi. Mwezi uliopita kifurushi kilifika ofisini kutoka ng'ambo, toleo jipya la albamu, sahani nyeusi ya santuri ndani ya jalada gumu, lenye picha ileile ya jaa. Nyuma wameorodhesha waliohusika. Kwenye uimbaji wameandika Mutua, na msalaba mdogo kando ya jina. Kwenye dramu wameandika hajulikani. Chini kabisa, kwa kuwa niliandika barua ile kwa mkono wangu na hakuna aliyekanusha, wameandika sauti ya mtoto: Nafula, wa Dandora, kwa shukrani za dhati.