Kuku wa Chini ya Kitanda

Nililelewa kati ya kuku, huko Kitale, na bado nilipoolewa Bungoma sikuwa nimewahi kuona kuku akiangua kifaranga. Kuku wetu walikuwa wa gredi, weupe, wa kutaga tu. Vifaranga walikuja kwa basi ndani ya katoni yenye matundu, wakiwa wa siku moja, na baba aliwapokea kwenye kibanda alichokitandika maranda ya mbao, katikati akiwa amening'iniza taa ya mafuta. Taa hiyo ndiyo waliyoijua kuwa mama. Kuku mkubwa akijisahau, akavimba manyoya na kung'ang'ania mayai, baba alimzamisha kifua kwenye karai la maji baridi mpaka akili imrudie, kesho yake aendelee na kazi. Kwetu kuku wa kulalia mayai alikuwa kuku mgonjwa.

Niliolewa kwa kutoroka, kama wasichana wengi wa rika langu miaka ile ya themanini ikielekea kuisha. Baba alikuwa amenipangia chuo cha ualimu. Mimi nikaona njia ya mkato ni kumchukua mwalimu mwenyewe. Baba hakucheka. Alimwambia mama kwamba nyumba hiyo hataikanyaga, na kwa miaka miwili hakuniletea hata salamu. Mama alinitumia vitenge na maneno kwa siri, kupitia kwa wanawake waliouza viazi katika soko la Bungoma. Baba hakutuma kitu. Nilijifanya sijali, na nilikuwa najali kila siku.

Mume wangu alifundisha upande wa Malakisi, akirudi Ijumaa kwa baiskeli, nguo zikinuka tumbaku ya vibanda vya kukaushia. Siku nyingine zote nilikuwa mimi na mama yake katika boma lao karibu na Kibabii. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye maneno machache, na hayo machache yalikuwa na meno. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wanasema, na yangu niliifunga mwenyewe mwezi wa kwanza. Nilimkuta kuku wake mwekundu kwenye kona ya jikoni, amejivimbisha, ananidonoa nikimsogelea. Nikachukua karai. Mama mkwe aliingia akanikuta nimemshika kuku mabawa, miguu imeshagusa maji. Hakupiga kelele. Alimchukua, akamfuta kwa leso yake, kisha akaniuliza kama huko Kitale hata wajawazito huwa tunawatia majini. Nilikosa pa kuficha uso.

Kuanzia hapo aliamua kunifundisha, bila kuniambia kwamba ananifundisha. Alinituma tu, nikikosea ananirudisha. Yai la kulaliwa halinunuliwi sokoni, maana limerushwa-rushwa kwenye baiskeli na hujui kama lina baba. Ukilipata la nyumbani unalihifadhi ndani ya mtungi wa wimbi, ncha ikiangalia chini. Kiota ni chungu kilichovunjika mdomo. Chini unaweka jivu la kuzuia utitiri, juu yake nyasi kavu, na pembeni kipande cha makaa, kwa sababu radi ikipiga bila makaa mayai yanakuwa viza. Hayo makaa sikuyaelewa wakati ule na siyaelewi leo, lakini mpaka sasa nikilaza kuku nayaweka. Kuku huwekwa juu ya mayai jua likizama, ili giza limtulize. Mayai hayahesabiwi kwa sauti. Mara moja kwa siku kuku atatoka mwenyewe, anye kinyesi cha ajabu, ale haraka, ajigaragaze vumbini, arudi mbio kama aliyeacha chungu motoni. Ukimzuia hapo, umemkosea.

Wiki ya tatu ikifika, mama mkwe alileta beseni la maji ya vuguvugu na kuyatia mayai moja moja. Yai lenye kifaranga hai hucheza majini, linatikisika lenyewe. La viza linaelea tu, kimya. Mara ya kwanza nilipoona yai likitikisika nilipiga magoti kando ya beseni kama mtoto. Nilikuwa nimelea vifaranga mamia kwa baba yangu na sikuwa nimewahi kujiuliza wanatoka wapi.

Mwaka wa pili kikaja kideri. Kilianzia ng'ambo ya mto, na mama mkwe aliposikia kuku wa kwanza amekufa huko, alimbeba yule mwekundu, ambaye alikuwa ndio kwanza ameanza kulalia, pamoja na chungu chake na mayai yake, akamweka chini ya kitanda chake mwenyewe. Alifunga mlango. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia, na yeye mwenyewe alinawa miguu kwa maji na jivu kabla ya kuvuka kizingiti. Chakula cha kuku alikipeleka yeye, kinyesi alikizoa yeye. Nilimcheka pembeni, nikimwambia mume wangu kwamba mama yake amepata mume mwenye manyoya.

Kuku wengine wote walikufa. Walisinzia, shingo zikajipinda, wakaharisha kijani, wakaanguka. Tuliwazika kwenye shimo nyuma ya migomba, jogoo akiwa wa mwisho. Maboma ya jirani yalikuwa hivyo hivyo. Asubuhi kijiji kizima hakikuwa na jogoo wa kuwika, na watu walianza kuchelewa shambani. Wa chini ya kitanda aliendelea kulalia mayai yake.

Ijumaa moja jioni mume wangu alifika na baiskeli, akaniambia kabla hata ya kushuka vizuri kwamba amepita sokoni Bungoma na mwanamke wa viazi amempa neno kutoka kwa mama. Baba anakuja kesho. Atapanda basi la asubuhi kutoka Kitale na kurudi nalo jioni. Hakusema anakuja kwa nini.

Nilikaa chini hapo hapo uani. Furaha ilinijia kwanza, halafu nikakumbuka kuku.

Kwa asiyejua watu wetu: mkwe akija kwako mara ya kwanza huchinjiwa kuku. Nyama ya buchari, hata ujaze sufuria, ni chakula tu. Kuku ndiye anayesema umepokewa, na firigisi ikiwekwa mbele yako hakuna anayeuliza wewe ni nani katika nyumba ile. Mtu akirudi kwao akaulizwa alikula nini, akajibu maharagwe, wazee hawaendelei kuuliza. Baba yangu alikuwa mtu wa kuhifadhi makosa. Alikuwa anakuja kutafuta moja kati ya mawili, sababu ya kunisamehe au sababu ya kutokanyaga tena, na zote mbili zilikuwa kwenye sahani.

Mume wangu alisema tumwambie ukweli, kideri kila mtu anakijua. Mama yake akamjibu kwamba kideri ni cha mwenye boma, si cha mgeni. Nikataja soko. Akaniuliza kama ningeweza kumlisha baba yangu kuku anayeuzwa wakati wa kideri akiwa bado anasinzia mikononi mwa mwenye kuuza. Hapo nikajua tunazungumza juu ya yule mwekundu.

Asubuhi aliniita chumbani kwake, mara ya kwanza tangu kideri kije. Niliinama chini ya kitanda. Yule mwekundu alinguruma. Niliingiza mkono chini ya tumbo lake lenye joto nikatoa yai moja, na lilikuwa limeshatoboka, ufa mdogo wenye pembe, na ndani mtu anagonga. Mengine yalikuwa hivyo hivyo. Nilimwambia, "Mama, yameanza kupasuka. Ngoja hata kesho."

"Kuku itazaliwa ingine," alisema. "Baba yako akitoka hapa bila kuku, harudi."

Alikuwa na kuku mmoja duniani. Alimlinda wiki tatu kwa jivu na kwa mwili wake, analala juu yake, na sasa alimvuta kutoka kwenye chungu kwa mikono miwili, anadonolewa. Alimpelekea mwanawe nyuma ya nyumba kwa sababu kuchinja si kazi ya wanawake. Mimi niliambiwa nichukue mayai. Niliyafunika kwa sweta langu ndani ya beseni lenye nyasi, nikayasogeza karibu na mafiga.

Kisha nikamnyonyoa kuku. Kazi ilikuwa fupi, kwa sababu kifuani hakuwa na manyoya. Alikuwa ameyang'oa mwenyewe ili ngozi yake iguse mayai. Ngozi hiyo ilikuwa bado ya moto. Nililia nikimnyonyoa, na sikujificha. Mama mkwe aliona, akaendelea kuchochea moto.

Baba alifika saa sita, amevaa koti, kofia mkononi. Alinipa mkono kama anavyompa karani wa posta. Alikaa na mume wangu sebuleni wakaongea juu ya mahindi: mvua ya Kitale, mvua ya Bungoma, bei ya mbolea. Mama mkwe alimsalimia kutoka mlangoni, macho chini, kama heshima inavyotaka kati ya wakwe, akarudi jikoni. Niliwanawisha mikono nikiwa nimepiga magoti. Nikaleta ugali, nikaleta bakuli la kuku, na firigisi nikaiweka juu, upande wa baba. Aliiona. Uso wake ulilegea kidogo, nami nikajua mama mkwe alikuwa amehesabu vizuri.

Nyama ya kuku aliyelalia mayai ni kamba. Baba alitafuna kwa subira. Alikuwa ameishika firigisi tayari kuitia mdomoni sauti ilipotoka jikoni, nyembamba, kali, inayojulikana na mtu yeyote aliyefuga. Alisimamisha mkono.

"Hiyo si kifaranga?"

Mume wangu aliangalia ugali. Nikasema ni vifaranga, wameanza kutoka leo.

"Na mama yao iko wapi?"

Baba alikuwa ametembea kutoka barabarani hadi pale, katika kijiji ambacho hakikuwa na kuku hata mmoja njiani, na hakuwa mjinga. Aliangalia firigisi katikati ya vidole vyake muda mrefu. Halafu akaila. Akala kila kitu, hadi shingo, akavunja mifupa akanyonya, kwa sababu kuacha kungekuwa matusi makubwa kuliko yote. Alinawa mikono, akasimama, akauliza jikoni ni wapi.

Mkwe haingii jikoni. Mama mkwe alipomwona anakuja uani alitupa leso kichwani akatoka kwa mlango wa nyuma. Baba hakusimama kufikiri. Alivua koti, akalitundika kwenye msumari wa sufuria, akainama juu ya beseni langu na kulaani kwa sauti ndogo, kwa sababu upande mmoja mayai yalikuwa yanaungua kwa moto na upande mwingine yamepoa. Akataka lampu na katoni. Nilileta taa ya mafuta na katoni ya sabuni. Akataka kitambaa na maji ya vuguvugu, maana ngozi ya yai ikikauka kifaranga hunaswa ndani. Alivuta kigoda akakaa karibu na mafiga, mzee mwenye suruali ya kupigwa pasi, akigeuza mayai kwa ncha za vidole.

Nilishika taa aliponionyesha nishike. Mmoja alitoka, akalala kama kitambaa kilicholowa. Mwingine akafuata. Wengine walikufa ndani ya ganda, mlio ukapungua mpaka ukaisha, na hao baba aliwaweka kando. Waliobaki walikauka, wakawa wa njano na wekundu, wakajikusanya chini ya taa. Mume wangu alikuja mlangoni kukumbusha habari ya basi. Baba alimwambia basi liende.

Jua lilikuwa limeshashuka aliposema, akiwa bado anaangalia ndani ya katoni, "Zile kuku za nyumbani niliuza zote. Mwaka ule ulitoka."

Nilimwuliza kwa nini, maana kuku wale walikuwa maisha yake.

"Wewe ndiye ulikuwa unaamka kuangalia lampu. Ukaenda. Nikawa naamka mimi, na kabla sijatoka kitandani nakuita. Kila siku nakuita, mama yako ananiambia hayuko." Alipunguza utambi kidogo. "Nikachoka kukuita."

Nililia, safari hii kwa sauti, na sikuweza kuacha. Niliinamia katoni hadi akanisukuma bega, akaniambia, "Sogea, mama. Unawafunika." Alikuwa akiniita mama nikiwa mdogo, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao, na sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake tangu nitoroke.

Kutoka nje, nyuma ya ukuta, sauti ya mama mkwe iliniita ikaniambia nimwulize mgeni kama atalala, atandikiwe sebuleni. Baba hakungoja niulize. Alimjibu mwenyewe kupitia ukutani kwamba atalala hapo hapo jikoni, hawa hawawezi kuachwa.

Mama mkwe alileta blanketi lake, lile la kitandani kwake, akaliweka kizingitini bila kuchungulia ndani, akaondoka.