Jumamosi Zangu za Mitunguu

Shuleni kwetu Runyenjes alikuja mkufunzi kutufundisha walimu kulinda simu zetu. Alikuwa mwanamke kijana, na kazi yake ni kuchunguza simu zinazopelekwa mahakamani kama ushahidi. Akaomba mmoja wetu akubali simu yake ichunguzwe mbele ya wote.

"Chukua yangu," nikasema. "Haina kitu. Ni picha za ndizi na jumbe za kanisa tu."

Mume wangu, anayefundisha hesabu hapo hapo, aliketi kando yangu akitabasamu. Nikatoa hata nywila.

Alichojua yeye ni kwamba kila Jumamosi nilienda Mitunguu kumsaidia dada yangu kwenye shamba la migomba. Ilikuwa kweli, ila si yote.

Mkufunzi aliunganisha simu na kompyuta yake, ramani ya kila mahali simu ilikopita ikatokea ukutani.

"Mwalimu anapenda Mitunguu," akasema. Kisha akakunja uso. "Lakini hapa sielewi. Saa nne asubuhi unazunguka uwanja mmoja, tena na tena. Si kwa miguu, maana hata anayekimbia hafikii mwendo huu. Mara unasimama ghafla. Dakika tano, kimya. Halafu unaanza tena."

"Anafukuza ng'ombe!" mwalimu wa Kiswahili akapaza sauti, na ukumbi ukacheka.

Nilitaka kusema inatosha, lakini ningesemaje, na ni mimi niliyejitapa?

"Kuna picha ulifuta wiki jana," mkufunzi akasema kwa upole. "Ukifuta, picha hukaa kwanza kwenye pipa la simu siku kadhaa. Nifungue?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimesahau kabisa ni picha gani.

Ukutani nikajiona mimi, mwenye miaka hamsini na miwili, nimevaa helmeti ya shemeji, mume wa dada yangu, nimeketi juu ya pikipiki, magoti yote tope, nikicheka meno yote nje.

Watu walipiga meza kwa kicheko. Mimi niliangalia mtu mmoja tu. Mume wangu aliwahi kuanguka na pikipiki akiwa na gunia la kahawa, na tangu siku hiyo aliapa kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayeendesha kitu hicho. Ndiyo maana nilienda kujifunza mbali, kwenye tambarare, ambako hakuna anayenijua ila dada na shemeji.

"Umeanguka mara ngapi?" mume wangu akaniuliza.

"Mbili."

Mkufunzi akakohoa. "Kwa hizi alama za kusimama ghafla, mwalimu, mimi nahesabu saba."

Hapo mume wangu akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akavua miwani.

Tukirudi nyumbani alitembea mikono nyuma kama mwalimu mkuu, nikajua mahubiri yanakuja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa," akakubali. Tukapiga hatua kadhaa. "Na umeshajua kubeba mtu?"

Mwezi uliofuata nilimbeba hadi Kianjokoma kumwona mama yake. Alinishika kiuno kwa mikono miwili, akamwomba Mungu kwa Kiembu mlima mzima. Tulipofika alishuka, akanyoosha koti, na kabla hata ya kumsalimia mama yake akatangaza:

"Mama, siku hizi mimi nina dereva."