Mshambuliaji Aliyemwamkia Golikipa

Mkasa huu naona haya kuusimulia, lakini hapa machimboni wapo wanaousimulia vibaya kuliko ulivyokuwa (wanadai nililia, uongo mtupu, lilikuwa vumbi), kwa hiyo afadhali mniaibishe kwa maneno yangu mwenyewe.

Miaka ile ya tisini nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, nikazurura Shinyanga, Mwadui na kokote niliposikia kuna kitu cha kutazama, mpaka nikatua kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita. Shimoni nilishuka mara moja tu nikajua mimi si mtu wa chini ya ardhi. Bahati nzuri Mzee Ngassa, mwenye duara, yaani shimo tulilokuwa tukichimba, alikuwa na timu ya mpira na alipenda domo langu, akanifanya meneja. Nikawa nala chungu kimoja na wachimbaji bila kugusa nyundo. Kisha Bwana Hirji, mwenye duka pale senta, akatoa dume la ng'ombe lishindaniwe kati yetu na wakulima wa pamba wa kijiji cha ng'ambo ya mlima, na Mzee Ngassa akaniita pembeni.

"Dume likija hapa, unabaki juu. Lisipokuja, unashuka na wenzako."

Basi nikaanza kusajili, maana mimi niliamini umeneja ni kuwapokonya watu watu wao. Tulikuwa na Masalu, kijana wa Kishapu, mshambuliaji ambaye shuti lake likikupata tumboni unawakumbuka marehemu wote wa ukoo. Kila kambi ilimtaka, hawa wanamwonyesha viatu, wale redio. Nikafikiri (hapo ndipo nilipoharibu): mwenye redio anaondoka nayo kwapani, ila mwenye mchumba haendi mbali. Nikajifanya mshenga, nikavuka mlima mpaka kwa Mzee Shija, mkulima wa kijiji kilekile tutakachocheza nacho, nikamposea Masalu bintiye Milembe, na nilimsifu yule kijana kwa adabu mpaka nikatamani kuolewa naye mimi. Mzee akakubali.

Ningeishia hapo. Lakini golikipa wao alikuwa hatari, nami nikamnong'oneza kwamba Mwadui kuna kazi nzuri na wanatafuta mdakaji hodari kama yeye, na siku mbili kabla ya mechi akapanda basi na begi lake. Wenzangu wakanibeba juujuu. Nikawaamuru: mpira wote kwa Masalu, mwingine akithubutu kupiga golini namtoa.

Siku ya mechi kijiji kikaingia uwanjani, tukawa tunanyoosha shingo kuona nani atadaka. Akatokea Mzee Shija, suruali imekunjwa mpaka magotini, mvi zinang'aa juani. Nikacheka kwa sauti, nawaambia ukweli.

Mpira wa kwanza Masalu akaupata, akawapita mabeki wawili, akabaki yeye na golikipa, uwanja mzima umesimama. Akaukanyaga mpira, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, baba."

Mzee akauokota mpira taratibu chini ya mguu wake, akaubutua mbele, na shambulio lilelile likatufunga.

Mapumziko nikamvaa. "Masalu, piga!"

"Nimpige baba mkwe?"

"Unapiga goli, hupigi mtu!"

"Na golini kuna nani? Meneja, si wewe uliyewaambia mimi nina adabu?"

Karibu na mwisho tukapata penalti. Nikamtazama winga wetu ajitolee, akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Tangu lile katazo langu hakuna aliyetaka lawama. Nikachanganyikiwa, nikaingia uwanjani mbio.

"Refa, mtoe huyu mzee! Ni mkwe wa mchezaji wangu!"

"Sheria za mpira hazijui mkwe," refa akasema.

Mzee Shija akaja polepole, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza miwa: "Mshenga, golikipa wetu umemdanganya akaenda Mwadui. Nimekuja kumshikia nafasi. Sasa na mimi unanitoa? Unataka adake nani, mama Milembe?"

Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Masalu akaenda kupiga, akausogeza mpira kwa kisigino cha upole (ndiyo, aliugeuzia mgongo kwa heshima) mpaka miguuni pa mzee, kama mtu anayemsogezea mgeni kigoda. Nikamwona Mzee Ngassa mwenyewe anafuta machozi ya kucheka, nikadhani nimesamehewa. Wapi!

Dume likavuka mlima, na aliyeliswaga ni Masalu, maana mkwe alimwomba msaada na yeye hawezi kumkatalia. Mzee akampunguzia mahari kwa ile adabu, kijana akaoa, akahamia huko, msimu uliofuata akatufunga magoli matatu. Kwetu hakuwa na mkwe.

Mimi nilishuka shimoni asubuhi yake. Nimeapa: golikipa wa watu simgusi tena, na nikiombwa ushauri wa kusajili siulizi mchezaji anatumia mguu gani, nauliza kaposa wapi. Lakini nani ataniomba? Nikiwa chini na nyundo yangu, wakishusha kamba wanaita kutoka juu, "Shikamoo, baba!"

Naitikia. Nisipoitikia hawanivuti.