Kibuyu Nilichokiosha

Wakazi wa mtaa wa Umoja, Nairobi, watalielewa kosa langu bila kuelezwa. Mfereji ukikauka wiki mbili kisha ukakohoa Jumamosi asubuhi, hakuna muda wa kufikiri. Unajaza madumu, beseni, sufuria, hata kikombe cha kupigia mswaki, halafu unaosha chochote kilicho mbele yako, kichafu kwa kisafi. Siku hiyo nilikuwa nimekuja kumsaidia mama. Nikaosha mapazia, viatu vya kanisani, mpaka mlango. Kwa kiherehere changu nikakiosha na kibuyu chake.

Kibuyu hicho kilikaa kando ya jiko, na ndani yake mlikuwa na mbegu ya uji. Kila alipopika uji wa wimbi, mama aliacha kiasi kidogo cha unga uliochacha, akaongeza unga mpya na maji, na kesho yake wote ukawa umechacha. Mbegu hiyo alipewa na mama yake siku alipoolewa, akaipakata ndani ya basi kutoka magharibi hadi Nairobi. Nyanya naye aliipata kwa mama yake. Nyanya tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia, na mvua ilikuwa imeshaibomoa nyumba yake. Ladha ile ndiyo iliyokuwa imebaki.

Mimi nikakimiminia maji yanayotokota na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nikakianika juani, nikajipongeza.

Mama alikinusa. Hakunigombeza, na laiti angenigombeza. Aliketi kwenye kigoda akasema, "Sasa mama amekufa kabisa."

"Tutaanza ingine, mama. Wimbi iko na vijidudu vyake. Itachacha tu."

"Itachacha. Lakini haitakuwa yeye."

Na mimi ni mwalimu wa bayolojia. Wiki hiyohiyo nilikuwa naandaa somo la chanzo cha uhai, na tulikuwa tumebishana mezani. "Mimi niliumbwa," mama alinikatiza. "Kama wewe ulitoka kwa matope, shauri yako."

Somo lenyewe nilikuwa nalijua kichwani tu. Kwamba hapo kale dunia ilikuwa miamba na maji, bila jani, bila hata ukungu. Kwamba mahali fulani, kwa namna ambayo wataalamu bado wanaibishania, kitu kidogo kisichoonekana kwa macho kilijitenga na maji yaliyokizunguka, kikajigawa. Kikawa viwili, kisha vinne, kila nakala na kijikasoro chake, na humo katika kasoro wakatoka samaki, mchicha, paka wa jirani na mimi.

Nikiwa nimekishika kibuyu kitupu, nywele zilinisimama. Uhai niliouchemsha asubuhi ile ulikuwa haujawahi kuzimika tangu siku ya kwanza. Ulipita mabilioni ya miaka ukijigawa bila kupumzika, ukafika mikononi mwa nyanya, ukapanda basi, ukaja kuishi Umoja. Mimi nikaukata kwa sababu maji yamekuja. Niliogopa, kama mtu aliyevunja kitu kanisani.

Nikajiuliza, uliwezaje kupona ukame na moto wa miaka yote hiyo? Haukuwa na nguvu zozote. Uligawanyika tu, ukifa hapa uko kwingine. Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi cherehani wa mlango wa pili, mama kutoka Murang'a. Alipojifungua kifungua mimba wake, nikiwa bado shule ya msingi, mama yangu alimpelekea uji, na jirani alipoupenda akampa kikombe cha mbegu.

Nilikimbia na ndala zangu zimejaa povu.

"Ile mbegu mathe alikupea kitambo, bado uko nayo?"

"Si ndiyo hii napikia wajukuu kila siku? Kwani yenu imeenda wapi?"

"Nimeiosha."

Alicheka mpaka akashikilia cherehani yake. Kisha akafuta macho, akanijazia kikombe.

Mama alichovya kidole, akaonja, akafumba macho. Nilisimama pale nikiomba, mwalimu mzima wa bayolojia, nikimwomba Mungu yuleyule tuliyegombana juu yake.

"Ameweka mtama," alisema. "Imebadilika kidogo."

Akaonja tena, na safari hii machozi yakamtoka.

"Lakini ni yeye."

Sijawahi kusikia mtu akilieleza somo langu vizuri kuliko hivyo, na nilikuwa nimehangaika nalo wiki nzima. Sikumwambia, angekataa.

Akamimina nusu kibuyuni. Nusu nyingine akaitia kwenye mkebe, akaufunika kwa kitambaa, akaniwekea mikononi.

"Hii ni yako, peleka nyumbani kwako," alisema. "Na maji yakikuja, tafadhali mwanangu, usiioshe."