Nusu ya Grini ya Baba

Sisi tuliokulia Kitui wakati simu ilikuwa moja kwa nyumba nzima tuliijua gofu kwa harufu ya oili chafu. Katika ile klabu ndogo ambako baba yangu alitunza uwanja, kila shimo lilizungukwa na grini, kiwanja cha kusukumia mpira shimoni, ya mchanga uliochanganywa na oili, maana nyasi hazikuhimili ukame. Isipokuwa shimo la tisa. Hapo baba alikuwa amepanda grini ya nyasi. Mwenyekiti wa klabu alimpa muda hadi mvua za Novemba: ikivuka joto, mashimo yote yatapandwa nyasi, isipovuka, nayo imwagiwe oili.

Joto lilipoanza, baba aliinua kisu cha mashine ya kukatia ili nyasi zibaki ndefu kidogo. Alfajiri alipangusa umande kwa ufito, akatoboa udongo kwa uma wa shamba, akamwagilia kabla ya jua. Kisha alikanyaga kwa kisigino na kusubiri. Alama isipoinuka, nyasi zina kiu. Nilimuuliza kwa nini hivi, kwa nini si vile, hadi mama akasema siku moja nitauhoji uji kwa nini una moto. Jibu la baba lilikuwa moja: "Nimezitazama, Mwende."

Kwangu hilo halikuwa jibu.

Samadi aliitumia iliyolala mwaka mzima, tena wakati wa mvua tu. Alipokwenda Makueni kwenye matanga kwa wiki moja, akaniachia kazi ya kumwagilia, niliamua kupima. Nilibeba ndoo mbili za samadi mbichi, iliyolowa mkojo, kutoka zizini kwetu, ambako mbuzi walishinda wakitafuna maganda ya mgunga. Nikaitandaza nusu ya grini. Nusu nyingine nikaiacha ili nilinganishe.

Aliporudi, nusu yangu ilikuwa na rangi ya mabua makavu. Nilikuwa nimeshafagia samadi. Aliniuliza kama kuna kitu kiliwekwa pale. Nikasema hakuna.

Mvua ilipofika, nusu moja ilichanua kijani. Kwenye nusu yangu ilichipuka miche ya miiba. Asubuhi moja nilimkuta baba ameinama akiing'oa mmoja mmoja na kuitia mfukoni mwa koti, kabla mwenyekiti hajafika. Nilidhani ni magugu tu. Mwenyekiti alipouliza kumetokea nini, baba alivua kofia.

"Jua limetushinda, mwenyekiti."

Wiki iliyofuata waliparua nyasi zote wakamwaga mchanga na oili.

Miaka baadaye, chuo kikuu, mhadhiri alieleza kwamba mbegu za mgunga hupita tumboni mwa mbuzi zikiwa hai. Ile miche ya miiba ilikuwa migunga. Klabu ilikuwa na ua wa seng'enge. Hakuna mbuzi aliyewahi kuingia mle. Baba alijua.

Siku hizi mabomba ya kumwagilia hufunguka yenyewe, na vijana hupiga nyasi picha wakiuliza simu kama zina kiu. Mimi mwenyewe nina kifaa cha kupima unyevu mkobani. Mwezi uliopita, joto likianza, nilikwenda kwa baba, kule Matinyani, nikiwa nimepanga maneno yote ya kuungama. Nilimkuta mbele ya mlango, kwenye nyasi zake zisizozidi upana wa mkeka, akikanyaga kwa kisigino. Alama haikuinuka.

"Unaona nini?"

"Zina kiu, baba."

"Basi kesho tuamke mapema."

Mimi ninayewachosha wahadhiri kwa maswali, nilimuuliza tu ndoo iko wapi.