Tundu la Ukuta wa Jikoni

Leo, wakati natoboa boksi kwa msumari ili wanafunzi wangu waone taswira inavyopinduka, moshi wa makumbi ya nazi uliingia darasani kutoka jiko la shule. Nikaukumbuka utoto wangu.

Jiko la bibi lilikuwa la udongo, halina dirisha. Asubuhi moja nilibaki humo peke yangu, mlango umerudishwa, nikimkunia nazi. Kwenye ukuta wa mbele yangu, ndani ya kile kiza, nikamwona mtu mwenye kanga nyekundu anatembea kichwa chini, miguu juu.

Nikatoka mbio. "Bibi, jikoni mna jini!"

Bibi alikuwa uani anaanika nguo, amejifunga kanga nyekundu. Hakucheka. Aliingia, akaliona tundu dogo kwenye ukuta wa upande wa uani, akanirudisha kwenye mbuzi ya nazi, naye akatoka tena akarudisha mlango.

"Nimenyanyua mkono. Waona?" akaita kutoka nje.

"Naona! Lakini unaning'inia!"

"Basi jini lako ndiye mimi. Mtazame mpaka hofu ikuishe."

Kwamba mwanga hwenda kwa mstari ulionyooka, wa kichwani ukashuka na wa miguuni ukapanda, ukapishana tunduni, hayo nilifundishwa miaka mingi baadaye. Bibi hakuyajua. Alijua tu kwamba nilipenda kutazama.

Kila ilipokaribia Ramadhani aliukandika ukuta ule upya. Na kila mara, udongo ukiwa bado mbichi, alichomeka kidole chake cha mwisho palepale lilipokuwa tundu.